Shule ya chumba kimoja kwenye kona ya shamba letu: nani aliianzisha, na kumbukumbu zake ziko wapi?

SWALI: "Mimi na mume wangu tunaishi Iowa, Marekani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Majuzi Mungu alitujalia tukanunua nyumba shambani, ekari tano hivi, nje kabisa ya mji. Kwenye kona ya eneo letu, pale barabara mbili za kokoto zinapokutana, kuna jengo la mbao la chumba kimoja, lina madirisha matatu kila upande. Juu ya mlango pameandikwa Na. 6 na mwaka 1889. Aliyetuuzia alilifanya stoo. Jirani yetu, mzee wa zaidi ya miaka themanini, anasema alisoma humo na hajapata kuona shule bora kuliko ile. Mwalimu wa binti yangu naye anasema zilikuwa shule duni, mwalimu mmoja anahangaika na madarasa manane. Nimetafuta habari za 'wilaya ya shule namba 6', naletewa namba 6 za kila mahali. Ilianzishwaje? Serikali ndiyo iliyojenga? Mtu mmoja alifundishaje madarasa manane? Watoto wangu, weusi kama walivyo, wangepokelewa? Mume wangu anataka tulibomoe kabla halijamwangukia mtu. Nimwambie nini?"

JIBU: Dada yangu, nianze na neno lililokupotosha. Kwa sisi tuliokulia Afrika Mashariki, wilaya ni kitu kikubwa: ina mkuu wake, ina ofisi yenye bendera, ina tarafa na kata chini yake. Ukisikia "wilaya ya shule namba 6" unawaza mamlaka fulani iliyokaa mjini ikagawa shule vijijini. Distrikti ya shule ya mashambani huko Iowa, hiyo unayoiita wilaya, ilikuwa eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mara nyingi lilikuwa na maili mbili kwa maili mbili. Chukua mashamba ya ekari 160, kama yale waliyopewa au kuuziwa walowezi wengi, uyapange humo: yanatosha kumi na sita tu. Kaya kumi na sita, au ishirini kama kuna waliogawana mashamba, jengo moja, mwalimu mmoja. Kaya hizo zilichagua kiongozi wao, zikajitoza kodi, zikaajiri mwalimu na zikagombana kuhusu kuni. Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria shule za harambee za Kenya, ila huku mchango ulikuwa na meno ya sheria: asiyelipa kodi ya shule angeweza kuliona shamba lake likinadiwa.

Ukilishika hilo, utaona kwamba unachokitafuta ni habari za majirani na fedha zao zaidi ya habari za jengo. Jengo ni ushahidi mmoja tu, tena si ule unaosema mengi.

Sasa, kwa nini maili mbili kwa mbili, na kwa nini penye njia panda? Mwaka 1785 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupima ardhi ya magharibi kwa miraba. Mraba mkubwa, unaoitwa taunshipu, ulikuwa na maili sita kila upande. Ndani yake mna miraba midogo 36, kila mmoja maili moja kwa moja, yaani ekari 640, nayo huitwa seksheni. Seksheni ya 16, iliyo karibu na katikati, ilitengwa kwa ajili ya shule. Watu wengi hudhani basi shule ilijengwa kwenye seksheni ya 16. Hapana. Iowa ilipokuwa jimbo, tarehe 28 Desemba 1846, seksheni hizo zilikabidhiwa jimbo, na nyingi ziliuzwa kwa walowezi kwa dola chache kwa ekari. Fedha ziliwekwa katika mfuko wa kudumu, na riba yake ikagawiwa kwa kuhesabu watoto. Riba hiyo ilisaidia, lakini haikutosha kuendesha shule. Sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu na makaa ya mawe ilitoka mifukoni mwa zile kaya kumi na sita.

Mraba wa maili sita ukiugawa vipande vya maili mbili kwa mbili unapata tisa. Ndiyo maana taunshipu nyingi za Iowa zilikuwa na shule tisa, na mtoto hakutakiwa kutembea zaidi ya maili mbili hivi. Barabara zilifuata mistari ya upimaji, na shule ikawekwa zilipokutana. Ukiitazama Iowa kutoka kwenye ndege utaona ile miraba mpaka leo.

Na lazima niliseme hili, kwa sababu bango za ukumbusho huliruka: miraba hiyo ilichorwa juu ya ardhi ya watu. Wasauk na Wameskwaki, makabila ya wenyeji wa asili, walisukumwa nje ya mashariki ya Iowa baada ya vita vya 1832, na walowezi wakaruhusiwa kuingia kuanzia Juni 1833. Wameskwaki walirudi na mwaka 1857 wakanunua kwa fedha zao wenyewe kipande cha ardhi katika kaunti ya Tama, na wapo hapo hadi sasa. Seksheni ya shule ilikuwa zawadi iliyokatwa kwenye mali ya wengine.

Shule zenyewe zilitangulia sheria za jimbo. Ile inayohesabiwa ya kwanza Iowa ilifunguliwa mwaka 1830 katika kibanda cha magogo kando ya Mto Mississippi, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Lee. Daktari mmoja, Isaac Galland, alimwita kijana aliyeitwa Berryman Jennings afundishe watoto wa hapo. Shule kama hizo ziliendeshwa kwa ada: mzazi anaandikisha watoto wawili, analipa kwa watoto wawili, na mwalimu anakula na kulala kwa watu. Asiye na kitu, watoto wake walibaki nyumbani.

Mwaka 1856 gavana aliomba tume ipendekeze utaratibu mpya, na mwenyekiti wake alikuwa Horace Mann, mtu aliyejulikana Marekani nzima kwa kutetea shule za bure za umma. Mann alitaka distrikti kubwa zenye uwezo wa kulipa walimu vizuri. Sheria ya 1858 ilimfuata kwa sehemu: taunshipu nzima ikawa distrikti moja, na chini yake distrikti ndogo, kila moja na mkurugenzi wake aliyechaguliwa na majirani. Ikawekwa pia nafasi ya msimamizi wa shule wa kaunti, mtu wa kupita na kukagua. Wakulima hawakupenda kuamuliwa na wa mbali, hata kama huyo wa mbali alikaa maili nne tu kutoka kwao. Mwaka 1872 bunge la jimbo likaruhusu zile distrikti ndogo kujitenga na kujitegemea, na nyingi zikajitenga. Kwa maoni yangu hapo ndipo utamu na uchungu wa shule hizi ulipochanganyika. Kila kitongoji kilikuwa na shule yake na sauti yake, na kila kitongoji kilikuwa huru pia kuwa bahili.

Kwa hiyo Na. 6 yako ni ya sita kati ya shule za taunshipu yake, na kila taunshipu ilihesabu upya kuanzia moja. Iowa ina kaunti 99, na taunshipu zake ni zaidi ya 1,500. Ndiyo sababu mtandao ulikumwagia namba 6 za kila mahali. Namba peke yake haina maana, lazima iandamane na jina la taunshipu na la kaunti. Zaidi ya hapo, namba zilibadilika distrikti zilipogawanyika, na watu wa hapo mara nyingi hawakuzitumia. Waliiita shule kwa jina la mkulima aliyetoa kona ya shamba, au la mti, au la ua. Katika kaunti ya Page kulikuwa na shule iliyoitwa Goldenrod, jina la ua la njano la mashambani. Hapo alifundisha Jessie Field, ambaye baadaye alikuwa msimamizi wa shule wa kaunti hiyo, na vilabu vyake vya wavulana na wasichana vikawa mojawapo ya mizizi ya vilabu vya vijana vya 4-H unavyoviona leo kwenye maonyesho ya kaunti. Muulize mzee jirani yako waliiitaje shule yenu. Jina hilo linaweza kukufungulia kumbukumbu ambazo namba haitafungua.

Kuhusu 1889, tahadhari kidogo. Huo ni mwaka wa jengo, si lazima uwe mwaka wa shule. Katika sehemu nyingi jengo la kwanza lilikuwa la magogo au mbao duni, likaungua au likauzwa kuwa ghala, likafuata la pili. Majengo haya pia yalihamishwa. Yalinyanyuliwa kwa jeki, yakawekwa juu ya magogo na kukokotwa na farasi, hasa majirani walipogombana kuhusu mahali pa kuyaweka. Ugomvi huo ulikuwa mkubwa kuliko unavyodhani. Kila mzazi alitaka shule iwe karibu na kwake, lakini hakuna aliyetaka kutoa ekari yake ya udongo mzuri mweusi. Mara nyingi kilichotolewa kilikuwa kilima chenye upepo au bonde lenye maji. Tazama kona yako: je, ni mahali ambapo mkulima angelima kwa furaha?

Na rangi? Usishangae ukikwangua ukakuta nyeupe. Shule nyekundu ya kwenye picha na kadi ipo zaidi kwenye picha. Za Iowa nyingi zilikuwa nyeupe, na chache zikajengwa kwa matofali au mawe.

Sasa lile swali la mwalimu mmoja na madarasa manane, ambalo nalipenda kuliko yote. Usiifikirie shule hiyo kama shule unayoijua iliyokandamizwa ndani ya chumba kimoja. Ilikuwa na mantiki nyingine kabisa. Kama ulipita chuoni kwa maalim, yaani madrasa ya Kurani, utaielewa haraka: huyu yuko kwenye Amma, yule kafika Tabaraka, mwingine bado anapambana na herufi. Kila mmoja anadurusu chake, anaitwa kwa zamu kusoma alipofikia, na mkubwa anamsikiliza mdogo. Shule ya mashambani ya Iowa ilikwenda vivyo hivyo. Mbele, karibu na meza ya mwalimu, paliwekwa benchi refu. Kikundi kinaitwa, watoto watatu au wanne, wanakaa kwenye benchi, wanasoma kwa sauti, wanataja majibu ya hesabu, wanaulizwa miji mikuu. Dakika kumi, wanarudi. Kinaitwa kikundi kingine. Mwalimu angeweza kusikiliza vikundi ishirini na tano au thelathini kwa siku. Waliobaki nyuma walikuwa na kazi zao kwenye vibao vya mawe.

Miaka ya mwanzo hapakuwa hata na madarasa manane. Mtoto alipangwa kwa kitabu alichofikia, na vitabu vilitoka nyumbani, chochote familia ilichokuwa nacho. Vitabu vya kusoma vya McGuffey, vilivyoanza kuchapishwa Cincinnati mwaka 1836, vilikuwa vya ngazi, na mtoto alisema "niko cha tatu" kama sisi tunavyosema "niko la tatu". Ndiyo maana ungeweza kukuta kijana wa miaka kumi na saba amekaa na mtoto wa tisa, bila aibu kubwa, kwa sababu kijana alikuja majira ya baridi tu. Kalenda ilifuata shamba. Wavulana wakubwa walihudhuria baridi kazi zilipopungua, na muhula wa kiangazi ulikuwa wa wadogo. Kupanga madarasa manane yenye mtihani wa mwisho wa kaunti kulikuja baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19, wasimamizi wa kaunti walipoanza kusambaza mihtasari ya masomo. Kwa hiyo Na. 6 yako inaweza kuwa ilizaliwa katika utaratibu wa zamani na kuzeekea katika mpya.

Kitu ambacho wanaoiita duni hukisahau ni masikio. Mtoto wa miaka saba alisikia hesabu za sehemu miaka minne kabla ya kufundishwa. Alipofika kwenye benchi, somo halikuwa geni. Na aliyelisahau la mwaka jana alilisikia tena mwaka huu. Mzee jirani yako bila shaka ana hilo akilini anapoisifu.

Lakini mwalimu wa binti yako naye hakusema uongo. Mwalimu wa Na. 6 mara nyingi alikuwa msichana wa miaka kumi na saba au kumi na minane, aliyesoma shule kama hiyo hiyo, akafaulu mtihani wa kaunti na kuhudhuria semina ya wiki chache wakati wa kiangazi. Chuo cha ualimu cha jimbo kilifunguliwa Cedar Falls mwaka 1876, lakini wahitimu wake hawakukimbilia kitongoji kisicholipa. Mwanamke alilipwa pungufu ya mwanamume, na akiolewa mara nyingi kazi ilikwisha. Alfajiri aliwasha jiko la chuma kwa magunzi ya mahindi na makaa ya mawe, akafagia, akateka maji. Ndoo moja ilikuwa na kata moja, na wote walinywea hiyo, kwa hiyo surua ikiingia ilizunguka. Walio karibu na jiko walitoka jasho huku wa dirishani wakitetemeka. Distrikti yenye mashamba mazuri ilikuwa na ramani na kamusi, jirani yake haikuwa na kitu. Mahudhurio yalitegemea mavuno, na Iowa ilipitisha sheria ya kulazimisha watoto kwenda shule mwaka 1902 tu.

Mimi nikiulizwa niko upande gani, nasema hivi. Kwa kusoma, kuandika na hesabu, shule hizi zilifanya kazi kubwa kwa gharama ndogo, na mwanzoni mwa karne ya 20 Iowa ilikuwa nazo zaidi ya 12,000. Kilichoziumiza ni kwamba ziliishia hapo. Sensa ya jimbo ya 1915 iliwauliza watu miaka waliyosoma na kipato chao, jambo ambalo sensa chache za wakati ule zilifanya, na wachumi Claudia Goldin na Lawrence Katz waliichambua. Walikuta kwamba masomo ya sekondari yaliongeza kipato waziwazi, hata kwa waliobaki kulima. Mtoto wa Na. 6 aliyetaka sekondari ilibidi aende mjini, apange chumba au apande farasi. Wengi hawakwenda.

Kuhusu watoto wako. Nakujibu bila kuzunguka, maana najua uzito wa swali hili kwa mama. Katika Iowa ya 1889, kwa sheria, wangepokelewa, na aliyehakikisha hivyo alikuwa mtoto. Mwaka 1867 Susan Clark, msichana mweusi wa miaka 12 wa mji wa Muscatine, alikataliwa kuingia shule ya karibu yake na kuambiwa aende ile iliyotengewa weusi. Baba yake, Alexander Clark, kinyozi na mfanyabiashara, alishtaki. Mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Iowa iliamua kwamba shule za umma ni za vijana wote wa jimbo, na bodi ya shule haina mamlaka ya kumtenga mtoto kwa rangi yake. Ilikuwa miaka 86 kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijafikia uamuzi wa namna hiyo mwaka 1954. Susan alimaliza sekondari hapo hapo Muscatine.

Hata hivyo sheria haikai darasani na mtoto. Familia nyeusi mashambani zilikuwa chache sana, na mtoto wa pekee wa rangi yake katika chumba cha watoto ishirini alitegemea moyo wa mwalimu mmoja na malezi ya majirani. Walipokuwa wengi hali ilikuwa tofauti: huko Buxton, mji wa machimbo ya makaa ya mawe ulioanza karibu na 1900, watoto weusi na weupe walisoma pamoja na walimu weusi walifundisha. Na ungekuwa umenunua shamba Alabama badala ya Iowa, ningekujibu tofauti kabisa. Kule watoto weusi walitengwa kwa sheria, na familia zao zilichangishana fedha, mbao na nguvu kujenga shule zao. Kuanzia 1912 hadi 1932 karibu shule 5,000 za namna hiyo zilijengwa kusini kwa msaada wa mfuko wa tajiri Julius Rosenwald, kwa wazo la mwalimu mweusi mashuhuri Booker T. Washington, na nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili tu.

Mwisho wa Na. 6 sitaueleza kwa kirefu. Magari na barabara bora vilifanya maili mbili zisiwe na maana tena, jimbo likaanza kusaidia shule zilizounganishwa, na zile za chumba kimoja zilizotimiza masharti ya sheria ya 1919 zilipewa kibao cha "Standard School" juu ya mlango. Angalia kama matundu ya misumari yake yapo. Nyingi zilifungwa miaka ya 1950. Sheria ya 1965 ikazitaka distrikti zote ziwe sehemu ya distrikti yenye sekondari, na mwaka huo huo Waamishi wa kaunti ya Buchanan, Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, waligoma kufuata masharti ya jimbo kuhusu shule, watoto wao wakakimbilia shamba la mahindi mbele ya wapiga picha. Mwaka 1967 walipewa ruhusa ya kubaki na shule zao, na shule za Waamishi za chumba kimoja zipo Iowa hadi leo.

Sasa kazi yenyewe. Anza na karatasi ambazo tayari unazo. Iowa, tofauti na majimbo mengine, bado inategemea kitabu cha muhtasari wa hatimiliki, kile walichokuonyesha mliponunua, kiitwacho "abstract". Ndani yake mmeorodheshwa kila aliyemiliki ardhi hiyo tangu serikali ilipoitoa mara ya kwanza. Tafuta mstari ambapo ekari moja, au nusu, inakwenda kwa distrikti ya shule. Hapo utapata mwaka, jina la mkulima aliyeitoa, na jina rasmi la distrikti, ambalo ndilo utakalotafutia mtandaoni. Usipoukuta mstari huo pia usishangae, kuna waliopeana kwa mdomo.

Halafu tazama ramani. Mwaka 1875 mchapishaji wa ramani aliyeitwa Andreas alichapisha atlasi ya Iowa yenye ramani za kaunti zilizoonyesha mahali pa shule, na imewekwa mtandaoni. Kama kona yako ina alama ya shule mwaka huo, basi shule ni ya zamani kuliko jengo la 1889, na utajua la kwanza lilikuwapo.

Kitu cha thamani kuliko vyote ni daftari la karani wa distrikti. Humo mna mikutano ya kila Machi: nani alichaguliwa, shule ifunguliwe miezi mingapi, nani kashinda zabuni ya kuleta makaa, mwalimu gani kaajiriwa kwa kiasi gani kwa mwezi, choo kikarabatiwe au la. Daftari la mahudhurio lina majina ya watoto. Haya hayana makazi mamoja. Ofisi za wasimamizi wa kaunti zilifutwa mwaka 1975 na nafasi yake kuchukuliwa na mashirika ya elimu ya kanda, kwa hiyo kumbukumbu zilitawanyika. Nyingine ziko mahakama ya kaunti, nyingine ofisi ya distrikti kubwa iliyoimeza Na. 6, nyingine jumuiya ya historia ya kaunti, nyingine darini kwa mjukuu wa karani wa mwisho. Uliza kote, na uulize uso kwa uso. Kwa simu utajibiwa "hatuna", lakini ukisimama kaunta na jina la taunshipu mkononi mtu atakumbuka sanduku fulani. Gazeti la zamani la kaunti, maktabani, lilikuwa na safu za habari za kila kitongoji: nani kaanza kufundisha, lini watafanya mnada wa vikapu vya chakula kuchangia shule.

Kisha shemeji na ubomoaji wake. Msimpuuze, ana haki ya kuogopa. Lakini kabla ya nyundo fanyeni mambo mawili na watu wa fani.

Kwanza, mwanasheria wa ardhi asome abstract yenu. Sheria ya Iowa kwa muda mrefu imesema kwamba kiwanja cha shule cha mashambani kisichotumika kwa shule kwa miaka miwili hurudi kwa mwenye shamba kilikokatwa, akilipa thamani yake kwa distrikti. Mara nyingi hilo lilifanyika na kuandikwa vizuri, mara nyingine halikuandikwa. Kama kona hiyo si yenu sawasawa, msiiguse wala msitumie hata dola moja juu yake.

Pili, mkaguzi wa majengo aangalie msingi, mihimili ya chini na paa. Jengo la mbao la umri huu likiwa na paa zima na msingi usiooza linaweza kusimama miaka mingi, paa likivuja miaka kumi limekwisha. Rangi ya zamani ina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, hilo lichukuliwe kuwa hakika mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Msikwangue wala kupiga msasa mbele ya watoto. Tafuteni pia kisima cha zamani na shimo la choo kwenye nyasi, vinaweza kufunikwa kwa mbao zilizooza, na hivyo ndivyo vya kuwazuia watoto leo leo, kabla hata ya jengo.

Mkaguzi akisema linafaa, mna nafasi ya kuchagua. Kulitengeneza kikamilifu ni ghali, na sitawadanganya kwamba kuna ruzuku inayomsubiri kila mwenye jengo. Kuziba paa, kufunga madirisha na kuliacha likauke ni njia ya katikati, nami ningeanza nayo. Kulitoa kwa jumuiya ya historia ya kaunti kunawezekana wakikubali kulihamisha. Kuna shule moja ya chumba kimoja iliyohamishiwa chuo kikuu cha Cedar Falls, na unaweza kwenda kuiona ujue yenu ilivyofanana ndani. Jueni tu kwamba jengo likihamishwa huwa vigumu kuingia kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Na kuingia kwenye orodha hiyo, kinyume cha wanavyohofia wengi, hakumzuii mwenye mali anayetumia fedha zake kufanya atakalo. Mkaguzi akisema haliwezi kuokolewa, bomoeni bila hatia, lakini kwanza pigeni picha kila ukuta, pimeni, na mtazame nyuma ya mbao za ukutani na chini ya sakafu. Watoto waliandika majina yao.

Lakini kabla ya mwanasheria na mkaguzi, nenda kwa mzee, wiki hii kama unaweza. Chukua simu ya kurekodi na kitu cha kula. Muulize shule iliitwaje, mwalimu wake alilala kwa nani, nani aliwasha jiko, siku ya mwisho walifanya nini, daftari zilichukuliwa na nani. Kisha mwingize humo ndani na umwombe akuonyeshe alipokuwa anakaa. Ukipata daftari na mwandiko wa karani ukakushinda, niletee picha za kurasa, tutazisoma pamoja.